Kununua motoka ya okazyo (iliyokwisha kutumika) Lubumbashi bila kuuziwa shida za mtu mwingine

Maswali ninayoulizwa na wanaotafuta motoka ni yale yale. "Yaya, nimeona Toyota IST moja kule Bel-Air, bei iko chini, nichukue?" "Komisioneri anasema karte roze itafuata wiki ijayo, nitoe avansi?" "Motoka iko Kasumbalesa, mwenyewe anataka nimtumie kwanza feza ya kuivusha, ni kweli?" (Komisioneri ni dalali, karte roze ni kadi ya usajili wa motoka, avansi ni malipo ya kutangulia, na Kasumbalesa ni mpaka wetu na Zambia.) Nimeona afadhali niandike yote mahali pamoja, ili atakayeuliza kesho apewe hii.

Jambo moja kwanza. Mtu anayenunua kwa mara ya kwanza huja na fundi, wanafungua kapo (kifuniko cha injini), wanasikiliza motere, wanaitikia kwa kichwa, basi wamemaliza. Muuzaji mjanja analijua hilo, ndiyo sababu motere anaiosha na kuipamba kuliko kitu kingine chochote. Motere iliyochoka hutengenezwa, ingawa kwa gharama. Motoka ambayo namba yake ya shasi imekwanguliwa, au ambayo haikulipiwa duane (ushuru wa forodha), haina garaji ya kuiponya. Itakamatwa siku moja, na atakayekutwa kwenye volani (usukani) ni wewe. Kwa hiyo hapa chini karatasi zinatangulia motere, na feza ya kununulia haitoki mfukoni kabla ya hatua ya tisa.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Bajeti iliyogawanywa. Usiende na wazo kwamba dola zote ulizo nazo ni bei ya motoka. Weka pembeni sehemu ya kuhamisha karte roze, asiransi (bima), vinyeti (kodi ya motoka ya kila mwaka), kontroli tekniki (ukaguzi wa hali ya motoka) na matengenezo ya mwezi wa kwanza.
- Bei za motoka tatu zinazofanana: aina ile ile, mwaka ule ule, hali ile ile. Bila hizo hutajua kama "bei nzuri" ni nzuri kweli au ni chambo.
- Mekanisiani wako mwenyewe. Si yule aliyeletwa na komisioneri, wala "rafiki wa muuzaji anayejua Toyota". Mpatane malipo yake mapema, na alipwe hata kama hununui. Fundi anayelipwa pale tu unaponunua ataona kila motoka ni nzuri.
- Tochi, sumaku ndogo iliyofungwa katika kitambaa laini, kitambaa cha kufuta mafuta, telefone yenye picha nzuri. Ukipata skana ya kuchomeka chini ya dashibodi, ije pia.
- Ndugu mmoja ambaye hakuipenda hiyo motoka. Huyu ana faida kuliko unavyofikiri, kwa sababu wewe umeshaanza kuipenda tangu picha ya kwanza.

Hatua

1. Piga simu kabla ya kwenda, na uandike majibu.

Uliza mambo matano tu: nani mwenyewe, karte roze iko kwa jina la nani, motoka iliingia Kongo mwaka gani na kwa mpaka upi, imekuwa mikononi mwake tangu lini, kwa nini anauza. Usibishane, andika. Utauliza tena mambo hayo hayo mkiwa uso kwa uso, na pengine utamuuliza mtu mwingine wa nyumba ile. Uongo ni rahisi kusema mara moja. Kuurudia sawasawa ndiyo kazi.

Sikiliza pia maneno ya kawaida ya soko. "Ilikuwaka ya muzungu wa mine." "Ni ya mama moja wa Golf, anaendaka nayo tu ku messe." Yaani ilikuwa ya mzungu wa mgodini, au ya mama wa mtaa wa Golf anayekwenda nayo misani tu. Inawezekana ni kweli. Lakini mzungu wa mine ana jina, na kampuni yake ina ofisi. Kama kampuni iliuza, iliacha karatasi ya mauzo yenye muhuri. Iombe, kisha uwapigie kwa namba utakayoitafuta mwenyewe, si ile anayokupa muuzaji.

2. Jua motoka imepita njia gani.

Nyingi za hapa zilianzia Japani. Zilishuka bandari ya Dar es Salaam, zikapanda hadi Tunduma, zikavuka Zambia, zikaingia kwetu kwa Kasumbalesa. Nyingine zilitoka Afrika Kusini kwa barabara. Chache zimetoka Ulaya au Dubai. Kila njia ina udanganyifu wake.

Ya Japani hudanganyiwa mwaka na kilomita. Ya Afrika Kusini, hatari kubwa ni wizi. Ya mpakani, yenye plake (namba ya usajili) ya Zambia au isiyo na plake kabisa, hatari ni duane: "utalipa wewe kidogo kidogo" maana yake ni kwamba deni lake lote linakuhamia. Vivyo hivyo motoka yenye plake ya IT: iliingia kwa muda bila kulipa ushuru, na haiwezi kuwa yako kihalali mpaka ushuru huo ulipwe. Asiposhika risiti mkononi, hesabu kwamba haujalipwa.

Na kuna motoka inayoitwa "mupya ya port", eti imefika juzi. Inua kapeti, angalia kwenye kona za milango na ndani ya taa za nyuma. Vumbi jepesi la safari ni kawaida. Udongo mwekundu ulioganda tabaka juu ya tabaka ni wa Katanga, na haukuingia kwa siku mbili.

3. Soma karatasi kabla kapo halijafunguliwa.

Omba kuona asili, si picha katika WhatsApp na si fotokopi:

- karte roze;
- tamko la duane pamoja na uthibitisho wa benki kwamba ushuru ulilipwa;
- acte de vente (hati ya mauzo) ya kila mtu aliyeimiliki tangu jina lililo kwenye karte roze hadi kwa muuzaji wa leo;
- kitambulisho cha muuzaji, kwa kawaida karte ya mpiga kura au pasipoti;
- vinyeti, asiransi na kontroli tekniki za mwaka huu.

Mstari wa mwisho ukipungua, ni gharama tu, utaitoa kwenye bei. Mistari minne ya kwanza haina msamaha. Mnyororo wa acte de vente ukikatika katikati (Papa A aliuza kwa B, na anayeuza leo ni D) muuzaji amtafute C mwenyewe. Si kazi yako.

Akija mtu na prokurasyo (hati ya uwakilishi) ya mwenyewe aliye ng'ambo, iwe imethibitishwa na notari, itaje namba ya shasi, na iseme wazi kwamba anaruhusiwa kuuza na kupokea feza. Kisha ongea na mwenyewe kwa simu ya video. Prokurasyo inayosema "kusimamia mali zangu" peke yake haitoshi.

4. Linganisha namba ya shasi, herufi kwa herufi.

Hapa usiharakishe. Namba iliyogongwa kwenye chuma, ile ya kibandiko cha kiwanda, ya karte roze na ya karatasi ya duane ziwe moja. Kwenye motoka ndogo za Toyota tafuta kwenye ukuta wa chuma kati ya motere na kabini, au chini ya kiti cha mbele. Kwenye Hilux, Prado na Land Cruiser, tafuta kwenye fremu yenyewe, karibu na gurudumu la mbele la kulia. Futa mafuta, washa tochi, piga picha.

Tazama kama namba zimekaa kwenye mstari mmoja, zina kina kimoja, na rangi inayozunguka ni ile ile ya chuma cha jirani. Ukiona alama ya kulehemu, rangi mpya mahali hapo tu, au kibandiko chenye riveti za fundi wa mtaani, usiulize sababu. Sababu itakuwapo, na itakuwa tamu. Ondoka.

Motoka iliyoundwa kwa soko la Japani haina namba ya tarakimu 17. Ina msimbo wa modeli, kistari, kisha namba: NCP60 au NCP61 kwa IST ya kwanza, NZE121 kwa Corolla, SCP10 kwa Vitz ya zamani. Hapo mwaka wa uongo hushikwa kwa urahisi. IST ya NCP60 iliundwa tangu 2002 hadi 2007. Anayekuuzia NCP60 "ya 2010" anakudanganya au alidanganywa, na kwako matokeo ni yale yale.

Namba ya tarakimu 17 hueleza inakotoka: J ni Japani, W Ujerumani, VF Ufaransa, AHT ni Toyota ya Afrika Kusini. Herufi I, O na Q hazitumiki humo kamwe; ukiziona, namba imetengenezwa na mtu. AHT peke yake si kosa, Hilux huundwa Durban tangu zamani. Kosa ni hadithi ya "ilitoka Japani" kukaa juu ya namba inayoanza na AHT.

5. Usiiamini konteri ya kilomita.

Kurudisha kilomita ni kazi ya dakika chache kwa mwenye kompyuta. Angalia vitu visivyorudishwa: mpira wa pedali ya freni, ngozi ya volani upande anaoushika dereva, ukingo wa kiti cha dereva, kitasa cha bwate (gia). Konteri ya kilomita 60,000 na pedali iliyolika hadi chuma haviwezi kukaa pamoja.

Kwa motoka ya Japani, omba cheti cha kusafirishwa nje. Kina namba ya shasi, tarehe ya kuandikishwa mara ya kwanza, na mara nyingi kilomita zilizosomwa wakati wa ukaguzi. Mwaka unaweza kuandikwa kwa hesabu yao: Heisei, jumlisha 1988, Reiwa, jumlisha 2018. Kwa hiyo Heisei 17 ni 2005. Kilomita za cheti zikizidi za dashibodi, mazungumzo yamekwisha.

6. Sasa fungua kapo, motere ikiwa baridi.

Mwambie muuzaji mapema kwamba unataka kuiwasha wewe. Ukifika ukakuta kapo lina moto, rudi kesho asubuhi: motere iliyopashwa huficha tabu ya kuwaka na moshi wa kwanza.

Geuza kontakti (swichi ya ufunguo) bila kuwasha motere. Taa ya motere na ya airbag ziwake, kisha zizimike. Taa isiyowaka kabisa ni mbaya kuliko inayobaki kuwaka. Mtu ameichomoa au ameiunganisha na nyingine. Washa. Moshi wa buluu ni mafuta ya motere yanayoungua. Mweupe mzito usiokoma ni maji yanayoingia ndani. Mweusi ni esansi (petroli) nyingi mno, na huo mara nyingi ni tatizo dogo kuliko mawili ya kwanza. Fungua kifuniko cha mafuta: utando kama mayai yaliyopigwa ni maji ndani ya mafuta. Radiyatera ifunguliwe ikiwa baridi tu.

Skana, kama unayo, isome si makosa tu bali na majaribio ya ndani. Majaribio mengi yakiwa "hayajakamilika", kuna mtu amefuta makosa muda si mrefu kabla hujafika.

7. Karoseri na volani.

Itazame mchana, ikiwa kavu. Motoka yenye matone ya maji, iwe ya mvua au ya kuoshwa, hung'aa pote na kuficha rangi isiyofanana. Pitisha sumaku yenye kitambaa kwenye milango na bati la juu ya magurudumu. Pasiposhika, chini yake ni mastiki, yaani puti ya kuziba palipobonyea. Mastiki kidogo si dhambi mjini mwetu. Mastiki kwenye nguzo za paa ni ajali kubwa.

Halafu volani. Sisi tunaendesha upande wa kulia wa barabara, motoka za Japani zina volani ya kulia, na yako magaraji yanayoihamisha kushoto. Muuzaji hatakuambia, kwa sababu ya volani ya kushoto huuzwa ghali zaidi. Angalia vifuta-mvua: kama vinafagia vizuri upande wa kulia na kuacha kona chafu mbele ya dereva wa kushoto, vilibaki vya zamani. Angalia dashibodi iliyounganishwa, matundu yaliyolehemewa kwenye ukuta wa chuma, airbag isiyokuwapo. Kuhamisha vibaya ni hatari kwa maisha, na hukata chuma jirani na pale namba ya shasi inapokaa. Ukikuta hivyo, rudi hatua ya 4 na macho mapya.

8. Tembea nayo.

Ipitishe kwenye mashimo polepole, usikilize amotisere (shokomzoba), kisha uitoe kwenye barabara nzuri, ya Likasi kwa mfano, uone kama inavuta upande mmoja unapokanyaga freni. Bwate ya otomatiki: kutoka N kwenda D au R isichelewe wala isirushe. Zima redio. Muuzaji akiiwasha tena, izime tena.

9. Uliza polisi na duane, kisha muende benki.

Interpol, polisi ya kimataifa, ina hifadhi ya motoka zilizoibwa duniani. Raia hawezi kuifungua, polisi wanaweza. Mwalike muuzaji mwende pamoja mkaombe namba ya shasi ichunguzwe, na karatasi ya duane ithibitishwe na DGDA, idara ya duane. Pata risiti ya kila unacholipa. Muuzaji mwaminifu atalalamika juu ya muda. Mwenye motoka ya wizi atakumbuka ghafla kwamba kuna mteja mwingine anakuja saa nane na dola zake mkononi. Mwache huyo mteja anunue.

Malipo yafanyike ndani ya benki, mchana, kwa mtu ambaye jina lake liko kwenye acte de vente. Noti zihesabiwe na kukaguliwa na kashie wa benki, kwa sababu dola iliyochanika kidogo hapa hakuna anayeipokea, na hutaki ugomvi huo barabarani. Avansi kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money kwa motoka ambayo hujaigusa: hapana. Hata dola hamsini. Hata "ya kuishikilia tu".

Acte de vente iwe na majina na namba za vitambulisho vya wote wawili, plake, shasi, namba ya motere, kilomita, bei kwa tarakimu na kwa maneno, tarehe na saa. Saa ni muhimu: ajali ya asubuhi ni yake, ya jioni ni yako. Waweke sahihi mashahidi wawili, mmoja wa upande wako, kisha ithibitishwe na notari au komini (ofisi ya manispaa).

10. Hamisha karte roze mara moja.

Usiseme "mwezi ujao". Karte roze ikibaki kwa jina la mwingine, madeni yake, kesi zake na warithi wake vinabaki vimefungwa kwenye motoka yako. Asiransi nayo ianze siku ile ile.

Makosa yanayorudiwa kila siku

Kumwamini komisioneri kana kwamba ni mwenyewe. Komisioneri si mwizi, anatafuta chakula chake kama wengine, lakini mara nyingi ameweka yake juu ya bei na hataki ukutane na mwenye mali. Sisitiza mkutane.

Kwenda usiku baada ya kazi, na tochi ya telefone. Kwenda peke yako na feza yote. Kununua kwa sababu mjomba alimjua baba wa muuzaji.

Ukikwama

Karte roze imepotea. Muuzaji aombe nakala mpya kwa jina lake kabla ya mauzo. Akisema wewe ndiye utaipata kwa urahisi, jiulize kwa nini yeye imemshinda.

Mwenye karte roze amefariki. Usinunue kwa mtoto mmoja. Unahitaji hati ya mirathi na sahihi za warithi wote, la sivyo binamu kutoka Kolwezi atakuja kudai sehemu yake.

Umetuma avansi na simu haipokelewi. Siku hiyo hiyo waarifu kampuni ya mtandao, huenda feza haijatolewa bado. Hifadhi ujumbe wote, usifute kitu, peleka malalamiko polisi au parke (ofisi ya mwendesha mashtaka). Usikubali "kuongeza kidogo ili mchakato umalizike".

Umeshanunua, sasa unaona shasi haifanani. Iegeshe. Usiiuze kwa mwingine, maana ukiuza huku ukijua, umeingia kwenye kosa. Chukua acte de vente, mtafute mwanasheria, mwende polisi ninyi wenyewe kabla hamjaitwa.

Motere imekufa wiki ya pili. Sheria yetu ya mikataba, ile ya dekreti ya 30 Julai 1888, inamfanya muuzaji abebe kasoro zilizofichika, lakini ni lazima ushtaki haraka, na uthibitishe kwamba kasoro ilikuwapo kabla ya kununua. Ndiyo maana fundi wako aandike ripoti yenye tarehe siku ya hatua ya 6, hata ukurasa mmoja wa daftari. Na usome acte de vente kabla ya kutia sahihi: mstari unaosema "inauzwa kama ilivyo, bila dhamana" ukiuacha mle, utabaki na njia moja tu ya kudai, nayo ni kuonyesha kwamba muuzaji aliijua kasoro akanyamaza.